Mwongozo kwa Anayetarajia Kukwama Kisiwani na Vitabu

Kabla hujachagua mwandishi, chagua kisiwa. Wengi hulisahau jambo hili. Utamsikia mtu akitamba kwamba siku akitupwa kisiwa kitupu atachukua vitabu vya fulani na fulani. Muulize kisiwa kipi, anaanza kukagua dari. Bongoyo? Jumapili pale Bongoyo hutamaliza ukurasa: kuna muziki, kuna samaki wa kukaanga, na kuna mtoto wa watu anayechimba shimo chini ya mkeka wako. Changuu? Kobe wake ni wakubwa na wana adabu zao, lakini boti za wageni wanaotaka kupiga nao picha hazikatiki, na wewe utapigwa humo humo. Anayetaka upweke wa kweli, usio na mzaha, ashushwe Fungu Kizimkazi, huko nje kusini mashariki mwa Unguja. Hakuna mti. Hakuna maji ya kunywa. Wapo ndege wa baharini, na ipo mbolea waliyoiangusha tangu enzi na enzi. Mtu akituambia akiwa huko kwamba anapenda kusoma, tutamwamini.

Ujue pia kwamba mchezo wenyewe si wa kwetu. Redio ya BBC iliuanzisha London mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kwa ubunifu wa bwana mmoja aitwaye Roy Plomley: mgeni anaambiwa ajifanye amekwama kisiwani, achague santuri nane. Baadaye wakamwongezea kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Biblia na tamthiliya za Shakespeare hahesabiwi. Anavikuta huko huko, bure. Ukifikiri vizuri, si ajabu mchezo ulizaliwa pale. Mtu aliyefunga mapazia kwa hofu ya mabomu, nje mvua, ndani sukari ya mgao, na jirani anakohoa nyuma ya ukuta, lazima ataota kisiwa chenye jua na kisicho na binadamu.

Sisi tuliozaliwa visiwani, au tuliooa visiwani, ndoto hiyo haitujii. Kisiwa tunachokijua ni Lamu, ambako punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni, mmoja lazima arudi kinyumenyume na mwenyewe atukanwe. Msome Shafi Adam Shafi. Yasmin wa Vuta N'kuvute anamkimbia mume mzee asiyemtaka, anapata hifadhi kwa Mwajuma, na tangu hapo kila anayepita mlangoni ana maoni kuhusu maisha yake. Katika Kuli ni bandari nzima inayopumua shingoni mwako, makuli wa Unguja wakielekea kwenye mgomo wa 1948. Hizo ndizo riwaya za visiwani, na ndani yake huwezi hata kujikuna bila shahidi.

Kwa hiyo usibebe mwandishi wa upweke. Upweke utaukuta huko huko, nao ni wa bure. Wale wanaokushauri uchukue vitabu vya tafakuri, vya kukaa kimya na kuitazama nafsi, hawajafikiri kwamba kufikia Alhamisi utakuwa umeitazama nafsi yako yote na umeona haitoshi. Beba mwandishi mwenye kelele.

Halafu, kabla ya kufunga mzigo, tenganisha orodha mbili. Moja ni ya kutaja mbele za watu: kwenye usaili wa kazi, kwa mkwe mtarajiwa, ukihojiwa na gazeti. Nyingine ni ya vitabu utakavyosoma kweli. Zikifanana neno kwa neno, ama wewe ni walii, ama una matatizo mengine ambayo mwongozo huu haukuandikwa kuyatibu.

Katika orodha ya kutaja, tangu Oktoba 2021 nafasi ya kwanza imekaliwa na Abdulrazak Gurnah, na haina mpinzani. Kabla ya hapo wasomaji wake huku nyumbani wangeenea kwenye daladala moja na viti vikabaki. Tuzo ya Nobeli ilipotangazwa, ikaonekana kila mtu alikuwa akimsoma tangu chekechea. Shabiki wa kweli utamjua kwa swali dogo: anakipenda kitabu kipi? Yule mwingine atajibu, "Kile kilichoshinda Nobeli." Usimweleze kwamba tuzo ile hupewa mtu, haipewi kitabu. Mwache aende nacho kisiwani. Zamani walau palikuwa na udhuru kwamba bwana yule anaandika Kiingereza, ila udhuru huo nao umekufa, kwani riwaya yake ya mwaka 1994 ipo kwa Kiswahili, Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Na kwa kisiwani inafaa. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, anaingizwa kwenye msafara wa kwenda bara, na msafara ule una wapagazi, mizigo, homa na ugomvi wa kutosha kukuweka macho msimu mzima wa kusi.

Ikiwa begi limelowa na lina nafasi ya mwandishi mmoja tu, usihangaike: ni Aniceti Kitereza.

Huyu hakukwama kisiwani, aliishi kisiwani. Alikuwa mtu wa Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Aliimaliza riwaya yake ndefu mwaka 1945, akiwa ameiandika kwa Kikerewe, akakuta hakuna wa kuichapisha kwa Kikerewe. Akangoja. Mwisho akakaa chini akaitafsiri mwenyewe, yote, kwa Kiswahili, akangoja tena. Kitabu kilitoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata mwenyewe akafariki dunia. Miaka 35! Wewe meli ikichelewa wiki sita, tafadhali usianze kupiga yowe ukiwa umekishika mkononi kitabu cha mzee huyo.

Jina la riwaya peke yake linakuletea watu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Hao ni wanne, na jalada hujalifungua. Kisa chenyewe kinaanza na mke kurudishwa kwao na wazazi wake kwa sababu ndoa haijapata mtoto. Mume, ambaye anampenda, anakwenda kuomba arudishiwe, na wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angekimbilia machozi. Kitereza anakwenda kwanza kuitengeneza pombe. Ndizi zinatafutwa, zinaivishwa, zinakamuliwa, watu wanaitwa kusaidia, wanaosaidia wanakaribishwa, waliokaribishwa wanasalimiana, na salamu za Kitereza hazina mbio. Msomaji wa mjini, aliyezoea ujumbe wa simu wa herufi mbili, hapa huanza kupekua kurasa kumi kumi akitafuta hadithi imekwenda wapi. Wewe uliye kisiwani usipekue. Unasoma mapishi. Ukifika mwisho utakuwa umepita kwenye kilimo, uvuvi, uwindaji, dawa za miti, mahari, na namna ya kumpokea mgeni bila kumuuliza amekuja kufanya nini. Mgeni huna, sawa, utajipokea mwenyewe. Unatoka upande huu wa kisiwa asubuhi, unabisha hodi upande ule, unajiuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na ukimaliza kujijibu jua limeshakuchwa.

Ukerewe, kwa kweli, ina jambo lake. Kisiwa hicho hicho ndicho kilichomzaa Gabriel Ruhumbika, ambaye pamoja na riwaya zake mwenyewe aliifasiri ya Kitereza kwa Kiingereza, na ndicho kilichomzaa Euphrase Kezilahabi, mwaka 1944, pale Namagondo. Waandishi watatu wa kiwango hicho kwa kisiwa kimoja. Kuna mikoa mizima ya bara, yenye barabara za lami, ambayo inapaswa kuitwa mbele ijieleze.

Kezilahabi lakini achukuliwe kwa uangalifu. Kichwamaji kiache nyumbani, mwisho wake haumfai mtu asiye na wa kuzungumza naye usiku. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ina tatizo jingine: ilipigwa marufuku mashuleni, na kwa hiyo vijana wa wakati ule waliisoma chini ya dawati kwa bidii ambayo hakuna kitabu cha kiada kilichowahi kuipata. Kisiwani hakuna mwalimu mkuu. Nusu ya utamu imekwisha. Kinachofaa ni Nagona, ya mwaka 1990, kitabu chembamba ambacho ukikiweka mfukoni hakionekani. Utakisoma mara ya kwanza usielewe. Mara ya pili utaelewa. Mara ya tatu utagundua kwamba ile mara ya pili ulijidanganya. Kwa mtu anayepimiwa mzigo, hakuna mwandishi wa Kiswahili anayelipa zaidi kwa kila gramu. Na ukishakata tamaa kabisa, kuna mwenzake, Mzingile, aliyekuja mwaka mmoja baadaye kukuhakikishia kwamba hukukosea kukata tamaa.

Shaaban Robert hachaguliwi. Shaaban Robert utamkuta begini, mama amekwisha kumweka. Usimtoe, ana manufaa yake, hasa Utubora Mkulima, kwa maana Utubora aliacha kazi ya mjini akashika jembe, na wewe sasa huna hiari. Kusadikika, nchi inayoelea angani, itakufariji kwamba wapo waliokaa mahali pabaya kuliko ulipo: Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na anajitetea kwa hotuba ndefu mno. Hapo ndipo hatari ilipo. Shaaban Robert anaambukiza. Ukikaa naye mwezi mmoja peke yenu, utaanza kutoa kauli zenye mizani. Utamhutubia kaa juu ya uadilifu. Utampa kila ndege jina linalolingana na tabia yake, yule mwizi wa samaki utamwita Hasidi, na siku moja utajikuta umeshika kiboko kwa sababu katika Adili na Nduguze nyani wawili walikuwa wakichapwa kila usiku, nawe kumbukumbu ya kwa nini imekutoka. Dozi yake ni sura moja kwa siku, baada ya chakula.

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wana shida ambayo haijapata kutatuliwa na chuo kikuu chochote. Umebeba Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla. Siku ya tatu Bwana Msa ametoa kiko mdomoni, ametaja muuaji, Najum ameduwaa, na wewe una miaka minane mbele yako na unamjua muuaji. Ukivuka kwenda kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mambo ni hayo hayo, ila kwa risasi zaidi. Dawa ni moja, nayo ni ya kikatili. Kabla ya kupanda chombo, mpe rafiki vitabu vyote vya upelelezi, avikate kurasa za mwisho, abaki nazo. Hapo kila kitabu kitakuwa na muuaji mpya kila mwaka. Mwaka huu ni shemeji. Mwakani ni daktari. Mwaka wa sita utaanza kumshuku Bwana Msa mwenyewe, na kwa kweli yule mtu daima anafika mapema mno. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, nayo ichukue. Mahali pasipo na mtandao inasomeka vizuri, mtu hawezi kukuogopesha na simu ambayo ungelia kwa furaha kuisikia ikiita.

Vitabu ulivyofanyia mtihani usichukue hata kimoja. Si kosa la waandishi, maskini. Lakini mtu aliyepitia kidato cha nne Kenya hawezi tena kuifungua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na kuona hadithi, anaona "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne." Wenzetu wa Tanzania wao husikia "fani na maudhui" hata wakisoma maelekezo kwenye tyubu ya dawa ya mswaki. Utakaa ufukweni, mawimbi yanakuja yanakwenda, na wewe unatafuta hoja sita zenye mifano.

Tamthiliya ni za watu wenye moyo. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ni kazi kubwa, tangu 1969 haijachuja, ila kumbuka inahusu maji. Kuisoma Fungu Kizimkazi, ulimi umekauka, watu jukwaani wanasemezana juu ya maji ya uzima, ni adhabu ambayo sheria za kimataifa zingeikataa. Kisha wahusika ni wengi na wewe ni mmoja. Utajaribu kuwatumia kaa. Kaa wanapatikana bila malipo na hawachelewi mazoezi, lakini wote huingia jukwaani kwa ubavu.

Ile haki ya kupewa Shakespeare bure idai, na uidai kwa Kiswahili. Vitabu havitakuwa vingi. Julius Nyerere alifasiri Julius Caesar, akaitoa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku anaendesha nchi, jambo lililoua kabisa ule udhuru wetu wa kukosa nafasi ya kusoma. Mwaka huo huo wa 1969 Samuel Mushi akatoa Tufani, na hii nakuomba uisome kabla hujaondoka, kwa sababu ndiyo habari kamili ya mtu aliyekwama kisiwani na vitabu vyake. Prospero ni mtawala aliyejifungia maktaba mpaka ndugu yake akamnyang'anya cheo. Anatupwa baharini, mzee mmoja mwenye huruma anampakilia vitabu vyake chomboni. Anafika kisiwani, anamkuta Caliban, mwenyeji, kwao hapo tangu kwa mama yake. Kwa elimu iliyomo vitabuni anamgeuza mchanja kuni. Caliban hajasoma hata kimoja, lakini anawaambia walevi wanaotaka kupindua serikali ya pale kwamba kwanza, kabla ya kumgusa mwenyewe, wachukue vitabu. Sijasoma uhakiki wa fasihi ulio mfupi na sahihi kuliko huo. Kwa hiyo ukifika, zunguka kisiwa chote, hakikisha hapana mwenyewe. Akiwepo, mwachie begi, ukae ufundishwe.

Washairi ni habari nyingine, na hapo nitaacha utani kidogo.

Ushairi wetu haukutungwa kwa ajili ya mtu mmoja kukaa nao pembeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga kwa kurusha, akitazamia kurushiwa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilijaza kurasa zake kwa watu waliokuwa wakiulizana na kujibizana kwa beti kutoka miji ambayo hawakuwahi kukutana. Mathias Mnyampala akaukuza ubishi huo mpaka ukawa ngonjera, watu wamesimama pande mbili wanasutana mbele ya hadhira. Ukimchukua mshairi wa namna hiyo, beti za kwanza ni zake, za pili ni deni lako. Chukua na kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, ili usimjibu Muyaka kwa vina vilivyoanguka, kwani aibu hiyo hata kisiwani inaonekana. Mwana Kupona mchukue pia. Utendi wake wa mwaka 1858 alimtungia binti yake, akiwa mgonjwa, na sehemu kubwa ni namna ya kumtunza mume. Sehemu hiyo utaipumzisha, uendelee na dua.

Na yupo Abdilatif Abdalla, ambaye suala la kukwama hakulisikia redioni. Kwa kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi alifungwa mwaka 1969, miaka mitatu, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Wanaochagua vitabu vya kisiwani huuliza mwandishi gani atawaburudisha. Huyu alijiuliza ataandikia nini, na kalamu itafichwa wapi. Basi pamoja na vitabu weka karatasi, na kalamu zaidi ya moja.

Baada ya hapo limebaki jambo moja la kiutawala, nalo ni waokoaji. Watakuja, hasa ukiwa umefika patamu. Watakuwa wavuvi, na watashuka na maswali mawili: una maji, na hicho ni kitabu gani. Kaa chonjo. Faida kubwa ya kisiwa kitupu, ambayo Plomley hakuitaja hata mara moja, ni kwamba hakuna wa kukuazima. Huku nyumbani kitabu kikishatoka mlangoni kwa maneno "nitakirudisha Ijumaa", ukija kukiona tena ni kurasa mbili tu, zimesokotwa pembe, zimejaa karanga. Kitereza mfiche ndani ya shati. Nagona waache waichukue, watairudisha wenyewe kabla hamjafika bandarini. Na yule nahodha, anayekuangalia kwa jicho la mtu aliyekuokoa maisha na anayejua anakudai nini, mpe Mzimu wa Watu wa Kale, ile isiyo na mwisho.